Mzigo Tuliolitwisha Neno "Kudumu"

Katika makala haya tunakusudia kulijadili neno moja tu la Kiingereza, nalo ni "permanent", pamoja na jinsi linavyotafsiriwa kwa Kiswahili na wanafunzi wetu, na watafsiri walioko kazini, na waandishi wa matangazo ya ofisi hapa Uganda. Huenda msomaji akauliza kwa nini tutumie kurasa za jarida kwa neno ambalo kila mtu analijua. Tunajibu kwamba ni kwa sababu hiyohiyo. Neno geni mtafsiri hulitafuta katika kamusi. Lile analodhani analijua hulipitisha bila kulipekua. Siku hizi kila palipo na "permanent" hubandikwa "-a kudumu", na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Matokeo yake ni kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili kimetwishwa mzigo wa maneno matano au sita ya Kiingereza, na wanaoumia kwa mzigo huo si wanaisimu bali ni watu wanaotia sahihi hati wasizozielewa barabara.

Tuanze na neno lenyewe. "Permanent" lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini "permanere", maana yake kubaki hadi mwisho, nalo liliingia katika Kiingereza kwa kupitia Kifaransa. Izingatiwe kwamba hata huko kwenye asili yake mwisho umo ndani yake. Katika matumizi ya kiofisi neno hili halidai kwamba kitu hakitakwisha kamwe. Hudai jambo dogo zaidi, yaani kwamba haikuwekwa tarehe ya kukwisha. Madai haya mawili si mamoja, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo inayotushughulisha hapa.

Mfano mzuri uko katika historia ya ukanda wetu wenyewe. Tarehe 30 Novemba 1993 nchi za Kenya, Tanzania na Uganda zilikubaliana kuunda Tume ya Kudumu ya Pande Tatu ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Sekretarieti yake ilianza kazi mjini Arusha mwezi Machi 1996. Tarehe 30 Novemba 1999 ukatiwa sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mkataba ukaanza kutumika Julai 2000, na Tume ile ya kudumu ikawa imefika mwisho wake. Kwa Kiingereza hakuna cha kuchekesha hapo, kwani "permanent" ilimaanisha chombo chenye ofisi na watumishi wake, kinyume na vikao vinavyoitishwa pale tu inapotokea haja. Kwa Kiswahili, tume ya kudumu ambayo haikudumu hata miaka 7 inachekesha kidogo. Vivyo hivyo Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ilianza kazi mwaka 1922 ikavunjwa mwaka 1946. Kamati za Kudumu za Bunge la Tanzania nazo hukoma Bunge linapovunjwa, na Kanuni za Kudumu za Bunge hurekebishwa mara kwa mara. Hatusemi kwamba majina haya yabadilishwe. Yameshazoeleka, na hakuna aliyewahi kupata hasara kwa kudhani kwamba kamati ya Bunge itaishi milele.

Sasa tulitazame "kudumu". Hili ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na "daima", na hata na "dawamu" ambalo leo hukutana nalo zaidi katika tungo za zamani. (Halina uhusiano wowote na dumu la maji, ingawa tumeshasomewa darasani insha iliyojaribu kuwaoza wawili hao.) Jambo ambalo kamusi za lugha mbili haziwezi kumwonyesha mwanafunzi kwa urahisi ni kwamba "permanent" ni kivumishi, ilhali "dumu" ni kitenzi. Kitenzi hubeba njeo na hali. Tukisema "ndoa yao imedumu", tunatoa ushuhuda juu ya miaka iliyokwisha kupita. Tukisema "ndoa yenu idumu", tunaomba dua, na anayeomba dua anakiri kwamba jambo lenyewe halina hakika. Wale waliokuwapo Tanzania katika zama za Mwalimu Nyerere watakumbuka kaulimbiu ya "Zidumu fikra za Mwenyekiti". Hakuna aliyesema "fikra za kudumu za Mwenyekiti". Ilikuwa ni dua, tena ilijibiwa na umati kwa sauti moja, na Mwalimu alipoachia uenyekiti wa chama mwaka 1990 dua ile ikapungua midomoni.

Tatizo huanza pale kitenzi hiki kinapofanywa kitenzi-jina na kuunganishwa kwa kihusishi: makazi ya kudumu, ajira ya kudumu, suluhisho la kudumu. Njeo imeondoka. Ushuhuda umeondoka na dua imeondoka. Inayobaki masikioni mwa msikilizaji ni ahadi, na mara nyingi ni ahadi ambayo hakuna mtu aliyeitoa.

Hatuoni mahali ambapo jambo hili lina uzito kuliko katika makazi ya wakimbizi. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na miongoni mwao wako Wakongo wengi sana, hasa huko Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja. Wengi wao Kiswahili ndiyo lugha wanayoitumia sokoni, kanisani na mbele ya afisa. Wahitimu wa Kiswahili ni miongoni mwa wanaotafutwa kwa kazi ya ukalimani huko, kwa hiyo makosa yanayoachwa darasani hayakai darasani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina istilahi ya Kiingereza inayotaja masuluhisho matatu: mkimbizi kurejea kwao kwa hiari, kupokewa na kukaa katika nchi iliyomhifadhi, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Neno la Kiingereza linalotumika hapo si "permanent" bali ni "durable", yaani lenye kustahimili, lisilovunjika upesi. Kwa Kiswahili tunasema "suluhisho la kudumu". Kisha aliyehamishiwa Marekani, baada ya mwaka mmoja, huomba hadhi ambayo Kiingereza huiita "permanent resident", nayo tunaiita "ukaazi wa kudumu". Maneno mawili ya Kiingereza yenye maana mbili tofauti yamemwagwa katika chungu kimoja.

Msikilizaji anafahamu nini? Anafahamu kwamba amefika. Kumbe kadi ya huyo mkaazi wa kudumu huandikwa tarehe ya kwisha na kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 10. Hadhi yenyewe yaweza kupotea iwapo mwenye nayo ataondoka nchini humo akakaa nje muda mrefu, au akitiwa hatiani kwa makosa ya aina fulani. Anayestahili kuitwa mtu wa kudumu nchini humo kwa maana ile ya Kiswahili ni raia, na uraia ni ombi lingine linalofuata miaka kadhaa baadaye. Mtu aliyeambiwa kwamba makaazi yake ni ya kudumu akaja kuuguza mzazi wake Bukavu au Mbarara kwa mwaka na nusu bila kuchukua hati ya kurejelea, huyo hakudanganywa na sheria ya Marekani. Amedanganywa na kihusishi na kitenzi-jina cha Kiswahili. Hapa mkalimani makini angesema "ruhusa ya kukaa isiyo na ukomo wa muda", kisha akaongeza kwa sentensi moja kwamba ruhusa hiyo ina masharti. Maneno ni mengi zaidi, tunakubali. Lakini hayampotezi mtu.

Kwa upande wa pili, liko neno "makazi ya muda", ambalo ndilo kinyume kilichozoeleka. Nakivale lilianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Limeshapita miaka 60, na ndani yake wamo watu waliozaliwa, wakaoa, wakazika. Hili la muda limedumu kuliko vyombo vingi vilivyobatizwa jina la kudumu. Katika nchi jirani ya Tanzania, wakimbizi waliokimbia Burundi mwaka 1972 walikaa katika makazi kama Katumba na Mishamo kwa zaidi ya miaka 30 kabla serikali haijawapa wengi wao, zaidi ya watu 150,000, uraia wa tajnisi. Tajnisi! Hilo ni neno lililo wazi, lenye mipaka yake katika sheria, na halihitaji msaada wa "kudumu" hata kidogo. Inatupasa tujiulize kwa nini penye uraia tuna istilahi imara na penye ukaazi tumeridhika na neno la kukadiria.

Suala la ardhi linafanana na hilo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja aina nne za umilikaji wa ardhi, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inazifafanua. Katika kuieleza ardhi ya mailo na ile ya kimila, sheria hiyo hutumia neno la Kiingereza "perpetuity". Katika kueleza aina inayoitwa "freehold", inasema kwamba ardhi humilikiwa kwa namna hiyo, au kwa kipindi kilicho pungufu ya hapo. Tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu hiki wakitafsiri. Karibu nusu waliandika "milele au chini ya milele". Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kimantiki haina maana, kwa sababu milele haipunguki. Ukiipunguza siyo milele tena. Sheria ilikusudia kusema umilikaji usiowekewa idadi ya miaka, tofauti na ukodishaji ambao kwa mtu asiye raia hauzidi miaka 99. Na hata ardhi hiyo isiyo na ukomo serikali inaweza kuitwaa kwa manufaa ya umma kwa kulipa fidia, kwa mujibu wa Katiba hiyohiyo. Mkulima aliyesomewa kwamba ardhi yake ni yake "milele" ana haki ya kushangaa siku atakapopokea barua ya kuambiwa barabara inapita shambani.

"Milele", kwa maoni yetu, liachwe kwa dini na mapenzi. Huko linafanya kazi yake vizuri na hakuna anayedai fidia. Aidha, Kiswahili kina utajiri hapa ambao wanafunzi wetu hawaujui. Wanazuoni na washairi wa pwani walipambanua "azali", yaani kisicho na mwanzo, na "abadi", yaani kisicho na mwisho. Kiingereza cha kawaida hakina jozi kama hiyo. Hulazimika kulitumia neno moja kwa pande zote mbili. "Daima" nalo linaelekea zaidi kwenye kujirudia na kutokatika, siku baada ya siku, wala haliulizi mwisho uko wapi. Yupo mtu ambaye daima huchelewa, lakini hatumwiti mchelewaji wa milele, isipokuwa tukiwa tumekasirika.

Liko pia neno "maisha". Idi Amin alitangazwa kuwa Rais wa Maisha wa Uganda mwaka 1976. Aliondolewa Aprili 1979, akafariki Jeddah mwaka 2003, kwa hiyo maisha yaliupita urais kwa miaka 24. Hastings Banda wa Malawi, aliyepewa cheo hichohicho mwaka 1971, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1994 na kufariki mwaka 1997. Kichekesho hicho ni cha wanasiasa. Cha mahakamani si kichekesho. Sheria ya Magereza ya Uganda, kwa ajili ya kukokotoa msamaha wa sehemu ya kifungo, ilikihesabu kifungo cha maisha kuwa ni miaka 20, na kwa muda mrefu watu wengi walichukulia kwamba hiyo ndiyo maana yake. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifungo cha maisha ni maisha ya kawaida ya mfungwa mwenyewe, ingawa muda atakaoutumikia unaweza kupunguzwa kwa msamaha huo. Tazama basi: neno halikubadilika hata herufi moja, na mtu aliyekuwa akihesabu miaka 20 akaambiwa asihesabu tena. Anayefundisha semantiki na kutafuta mfano wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba maana ya neno si mchezo wa kamusi, asiende mbali.

Mengine tutayapitia kwa haraka. "Permanent Secretary" ni cheo kilichotoka Uingereza, ambako mtumishi huyo alibaki wizarani mawaziri wakija na kuondoka. Watanzania waliacha neno wakatafsiri kazi, wakasema Katibu Mkuu. Kenya ilisikika kutumia "Katibu wa Kudumu" hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoliondoa neno hilo hata katika Kiingereza chenyewe. Uganda bado tunalo cheo hicho, na katika Kiswahili cha baadhi ya matangazo hapa "Katibu wa Kudumu" angali hai. Sisi tunaunga mkono Katibu Mkuu wa Wizara, tukijua kwamba litagongana na makatibu wakuu wa vyama na wa Umoja wa Mataifa. Mgongano huo hutatuliwa na neno "wizara".

Katika reli, "permanent way" ni njia yenyewe ya reli, pamoja na mataruma na kokoto zake, iliyoitwa hivyo kwa kuitofautisha na reli ya muda ambayo makandarasi waliilaza wakati wa ujenzi. Atakayeandika "njia ya kudumu" ataeleweka kuwa anahubiri. Kwa wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo iko hatari nyingine, maana Kifaransa kina "permanence", ambayo mara nyingi ni zamu: mhudumu aliye zamu, ofisi iliyo wazi kwa zamu. Makao ya chama cha UDPS huko Limete, Kinshasa, huitwa kwa jina hilo. Hapo "kudumu" haliingii hata kwa kusukumwa.

Tena kuna kosa ambalo tungependa likome mwaka huu. Wanafunzi wanaotafuta nomino ya dhana hii huandika "udumavu". Udumavu unatokana na "kudumaa", na ni hali ya mtoto kutokua ipasavyo kwa kukosa lishe. Tumesoma katika tasnifu moja sentensi iliyoutakia Ushirikiano wa Afrika Mashariki udumavu. Mwandishi aliandika kwa nia njema kabisa.

Baadhi ya wenzetu wametuambia kwamba tunatafuta ugomvi na neno lililokwisha kusanifiwa: mwanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama, ulemavu wa kudumu, meno ya kudumu. Hoja hiyo ina nguvu na hatuikatai. Ulemavu wa kudumu ni tafsiri sahihi kabisa, kwa sababu daktari anatoa ushuhuda kwamba hali haitarajiwi kuondoka. Hata msemo wa Kitanzania wa "masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni" tunaupenda, kwani umeuweka mwisho waziwazi ndani ya maneno yenyewe: utadumu mpaka uzee, kisha utalipwa uende zako. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha, na msemo huu wa kiutumishi umeionyesha ncha yake. Linganisha na tangazo la shule moja binafsi ambalo tulilisoma likiahidi "ajira ya kudumu" kwa walimu wa Kiswahili, huku barua ya ajira ikitoa notisi ya mwezi mmoja. Kwa Kiingereza barua na tangazo havipingani. Kwa Kiswahili vinapingana, na mwalimu aliyeacha kazi yake ya awali kwa kuliamini neno hilo ndiye anayelipa tofauti.

Kiswahili kimewahi kujinasua katika mtego wa namna hii. Walikuwapo waliosema "maendeleo ya kudumu" kabla "endelevu" halijashika, na leo hakuna anayeyachanganya. Tena watumiaji wa kawaida wametutangulia. Mtu aliyerudi kijijini asirudi tena mjini husemwa "amerudi moja kwa moja". Aliyefungasha kila kitu "amehama jumla". Hakuna mwenyeji wa lugha atakayesema "amerudi kwa kudumu", lakini tumeikuta katika tafsiri tatu za muhula uliopita. Katika fomu za kujiunga na masomo, pale Kiingereza kinapouliza "permanent address", wengi wameandika "anwani ya kudumu", na mwanafunzi anayekaa kwa kupanga Kampala huduwaa, asijue ajaze nini. Kinachotakiwa ni mahali atakapopatikana akishahama hapo alipo. Waandike "nyumbani kwenu ni wapi", pamoja na nafasi ya kijiji, parokia na wilaya, na fomu itajazwa bila maswali dirishani.